Mpaka Mitamba Wote Wazae

Temeke, Dar es Salaam
3 Februari 1936

Mke wangu Jovina,

Salamu nyingi kutoka pwani. Watu huanza barua kwa kusema ni wazima wa afya. Mie afya ninayo, ila mguu wa kushoto umekanyagwa na mnyama ambaye hujapata kumwona tangu uzaliwe, na habari ninayotaka kukupa ni ya mnyama huyo.

Nimepata kazi. Bwana mmoja wa Kibohora, Najmuddin, mwenye duka la masufuria na mabati mjini, amenunua shamba huku Temeke na kuhamia na familia yake, nje kabisa, minazi na mikorosho mitupu. Ameagiza kutoka Bombay nyati wa kukamuliwa. Usishtuke, si mbogo wa porini. Hawa wanafugwa kama ng'ombe. Ni weusi wanang'aa, pembe zimejikunja kwenda nyuma, na macho yao ya upole. Watu hapa wanawaita mbogo wa Bohora, na wanawake wakienda kisimani huzunguka mbali kuwakwepa. Wahindi wanapenda maziwa yao kwa sababu ni mazito na samli yake ni nyingi. Wako mitamba wanane, majike ambao hawajazaa bado, na dume mmoja. Walikaa karantini Kurasini, ndipo nikawaswaga kwa miguu mpaka hapa, na njiani ndipo nilipokanyagwa.

Sasa sikiliza mumeo alivyo mjanja. Bwana alitaka kuandika mkataba wa miaka mitano. Nikaona huyu anataka kunizeesha. Nikamwambia, Bwana, mimi Mhaya, nimezaliwa ndani ya ng'ombe, usiandike miaka. Andika hivi: Revelian atafanya kazi mpaka mitamba wote wazae. Nilishawatazama meno, wanakaribia miaka mitatu, na mtamba wa kwetu kwa umri huo ana ndama tayari. Alinitazama, akacheka, akaandika palepale. Nadhani hakujua nilichomfanyia.

Kwa hiyo hesabu mwaka mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu, nitakuwa Ihangiro nakula ndizi zako. Msalimie baba, msalimie mama, na waambie nimepata kazi ya heshima.

Mumeo,
Revelian Kamugisha


Ihangiro, Bukoba
12 Aprili 1936

Mume wangu Revelian,

Barua imefika na imenichekesha. Niliolewa na kijana aliyesoma misheni, kumbe nimeolewa na mchunga mbogo. Pole kwa mguu. Angalia usikamuliwe wewe kwanza kwa ujanja wako, maana mtu akicheka wakati unamshinda, mtazame vizuri. Lakini wewe ndiye unayejua mambo ya mifugo, mie najua migomba.

Hapa mvua ni nzuri. Mama yako mzima, baba mzima, mkwe mwenzangu, mke wa kaka yako, amejifungua tena, mtoto wa kiume. Nilimpikia siku zote za uzazi. Nilipompakata yule mtoto, mama yako alisimama mlangoni akasema, mpe mwenyewe asije akazoea mikono mikavu. Nimekuandikia hili si kwa kukuchongea. Nimekuandikia kwa sababu limeniuma, na huku sina wa kumwambia.

Tuna miaka minne ya ndoa, Revelian. Nimefanya nilichoweza. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali ya misheni bila kumwambia mtu. Sista daktari alinipima pole pole, siku mbili tofauti, akaniambia: mama, sioni kasoro kwako, sasa mlete bwana naye apimwe. Nikamwambia bwana yuko Dar es Salaam. Akasema huko ziko hospitali kubwa kuliko hapa.

Basi nenda ukapimwe, kisha uniandikie walivyosema. Ni neno dogo tu. Likiwa jema nitalia kwa furaha, likiwa baya tutalibeba wawili. Nisiloliweza ni kulibeba mwenyewe bila kulijua.

Mkeo,
Jovina


Temeke
27 Septemba 1936

Mke wangu Jovina,

Nisamehe kuchelewa. Nyati hawa wamenitoa jasho.

Hawataki dume. Kwetu ng'ombe akitaka dume kijiji kizima kinajua: analia usiku kucha, anawapanda wenzake, anavunja boma. Hawa wanasimama tu, wanatafuna, kama waumini katikati ya hotuba ndefu. Nimewatazama asubuhi na jioni, hakuna hata mmoja aliyempanda mwenzake. Bwana Najmuddin akija zizini Ijumaa baada ya sala huniuliza, vipi? Nami humjibu, Bwana, bado hawajapevuka.

Nimeanza kuelewa sababu. Kwanza ni mwili. Mtamba hahesabu miaka, anahesabu nyama mgongoni. Hawa walikonda melini mpaka mbavu zikaonekana, na huku walipofika walikuta majani makavu. Mnyama aliyedumaa anaweza kuwa na meno ya mtu mzima na tumbo la uzazi la kitoto. Nimemwomba Bwana atuletee mashudu ya nazi na ya pamba, na majani mabichi tunaletewa na mzee Mwinshehe, jirani yetu, anayakata bondeni huko Gongo la Mboto. Pili ni jua. Ngozi nyeusi ile haina manyoya ya kuikinga, na kutoka jasho ni shida. Huko kwao hushinda ndani ya matope. Hapa hawana hata dimbwi. Mchana wanahema midomo wazi, na mnyama anayehangaika kupumua hawezi kuwaza mambo mengine. Nimeomba lichimbwe shimo kubwa.

Kwa hiyo ile hesabu yangu itasogea kidogo. Mwinshehe anasema kawaida yao hawa kuzaa ni miaka minne au zaidi hata wakitunzwa vizuri, alisikia kwa mabaharia. Sijui kama ni kweli. Sasa nafahamu Bwana alikuwa anacheka nini.

Mwambie mkwe mwenzako hongera. Usimjali mama, unajua mdomo wake.

Mumeo,
Revelian


Ihangiro
15 Januari 1937

Revelian,

Barua yako ya nyati nilisomewa. Ndiyo, nilisomewa, mimi niliyesoma darasa moja na wewe. Baba ameamuru kila barua yako ifike mkononi mwake kwanza, halafu katekista Apolinari aisome uani kwa sauti, watu wote wameketi. Anasema mtoto ni wake kabla hajawa mume wa mtu. Basi Apolinari alisimama na miwani yake akatusomea habari za mitamba wasiotaka dume, na watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Mama yako akasema: kumbe hata pwani wako wagumba wanane, tena wanalishwa mashudu.

Nilicheka nao. Mtu asiye na pa kwenda hucheka na waliopo.

Nimejua basi kwa nini hukunijibu lile nililokuuliza. Ungejibuje, na Apolinari atalitangaza? Nimekusamehe kabla hujaomba. Nimezungumza na Sista, amekubali barua zako zije kwa jina lake hospitalini. Niandikie huko. Huko nitafungua mwenyewe.

Lakini fanya haraka, kwa sababu mambo yameingia nyumbani. Wameleta msichana, Sesilia, binti wa rafiki yake baba wa ng'ambo ya mto Kagera. Eti amekuja kumsaidia mama kazi. Mtu mzima, ana adabu, sina ubaya naye. Amepewa chumba chako cha ujana, na ile migomba ya kibanja chini ya mtaro, ile uliyosema itakuwa yetu, ndiye anayeipalilia. Mie nimehamishiwa jikoni nyuma. Baba alisema wazi mbele ya wazee: atangoja mpaka kahawa ya mwaka huu ianuliwe. Ukiwa hujaja, mimi narudishwa kwetu na Sesilia anabaki kukungoja. Nikamwambia tulifunga ndoa kanisani. Akasema Padri halimi kibanja chake.

Kwetu baba amekufa, kaka amejaza nyumba. Nikirudi pale narudi kuwa mzigo. Na kanisani nitabaki mke wa mtu siku zote, nisiolewe tena. Huku wananisukuma nje, huko hakuna mlango. Njoo, au niandikie ulivyopimwa niwe na la kusema.

Jovina


Temeke
6 Juni 1937

Jovina wangu,

Naandika kwa jina la Sista kama ulivyosema. Nimesoma habari ya Sesilia na sikula siku ile. Baba amenikosea. Mwambie nimesema amenikosea. Au la, usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikija.

Shimo limechimbwa. Ungewaona siku ya kwanza! Waliingia mmoja mmoja, wakajilaza mpaka puani, wakafumba macho. Siku hizi wanene, ngozi inateleza, mashudu wanapata. Mtu yeyote akiwatazama atasema hawa ni wanawali wa kuozwa. Lakini dalili hakuna. Dume nimemfunga mbali, ng'ambo ya shimo, kwa mnyororo kwenye mnazi. Wazee wetu walifanya hivyo, dume haingizwi kwa mitamba mpaka wao wenyewe waonyeshe kuwa wako tayari, asije akawavunja migongo. Nasubiri waonyeshe.

Unasema njoo. Jovina, mie nimefungwa kuliko huyo dume. Mkataba una dole gumba langu na sahihi ya Bwana, na ulipitishwa bomani. Anayetoroka kazi ya mkataba anatafutwa na askari na kutiwa jela, nimewaona wawili wa Kurasini wakipelekwa wamefungwa pamoja. Nilijifunga kwa maneno yangu mwenyewe. Kila nikiamka nawatazama wale wanane, nao wananitazama.

Ile habari ya Sista si ya kuwekwa kwenye karatasi. Tutaizungumza nikija. Vumilia kahawa hii moja.

Mumeo anayekupenda,
Revelian


Ihangiro
10 Agosti 1937

Kwa Mama Kulsumbai, mke wa Bwana Najmuddin, Temeke

Mama, shikamoo.

Hunijui. Mimi ni Jovina, mke wa Revelian, anayewatunza nyati wenu. Nimelipata jina lako kwa Revelian, aliwahi kuandika kwamba mama mwenye nyumba ni mtu wa huruma na humpelekea chapati. Naandika bila ruhusa yake, na kama nimekosa adabu nisamehe.

Naomba mumeo amwachilie mume wangu, hata kwa miezi mitatu. Sisemi avunje mkataba. Aje tu aonekane, kisha arudi. Hapa nyumbani kwa wakwe naambiwa niondoke kwa sababu sina mtoto, na mwingine amekwisha kuletwa. Kahawa inaanikwa sasa. Ikikauka, nami nimekwisha. Wewe ni mwanamke na umeolewa mbali na kwenu, utanielewa kuliko wanaume.

Au kama kuna dawa ya mitamba hao, ya kuwafanya wapevuke, niambie. Kwetu kuna majani mengi. Nitayatafuta hata porini nikutumie. Ukinijibu, andika kwa jina la Sista, hospitali ya misheni.

Mimi mwanao,
Jovina


Temeke
3 Oktoba 1937

Bibi Jovina,

Marahaba, mwanangu. Barua hii inaandikwa na binti yangu Khatija, maana mimi kalamu ya Kiswahili sikufundishwa. Maneno ni yangu, nimemwambia asiyapake sukari.

Nimezaliwa Sidhpur, Gujarat. Nyumbani kwa baba tulikuwa na nyati wengi, na mimi nilikuwa nawakamua kabla sijajua kusuka nywele. Kwa hiyo nikuambie ukweli wa mitamba hawa. Hawahitaji majani yako. Wamepevuka tangu mwaka jana.

Nyati si ng'ombe. Ng'ombe akitaka dume anapiga mbiu. Nyati ananyamaza. Ni muda mfupi, alfajiri aghalabu, na mchana wa jua kali huwezi kuona kitu. Ananyanyua mkia kidogo, anakojoa mara kwa mara, ute unamtoka mwembamba kama uzi, mashudu anayaacha nusu. Basi. Ukingoja ampande mwenzake utangoja mpaka uote mvi. Wanaume wa hapa hawajui hivyo, na mumeo hakujua, hilo si kosa lake. Mwenye kujua hasa ni dume. Kwetu dume anakaa humohumo na majike, anawanusa kila asubuhi, na mitamba wakimzoea wanapevuka upesi zaidi. Kumfunga mbali ni kuwafunga na wao.

Dirisha langu lina chuma, lakini linatazama zizi. Mimi zizini siendi, nyumba yetu haina desturi hiyo. Nikisha kusali alfajiri nasimama hapo. Nimewaona wote wanane, kila mmoja kwa zamu yake, wakitaka na kukosa.

Sasa lile linalokuhusu. Ramadhani iliyopita nilimtuma Khatija kwa mumeo na maneno haya yote niliyokuandikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa heshima: nimesikia, Mama, ahsante. Kesho yake nikamwona dirishani anamhamisha dume. Alikuwa kwenye mkorosho karibu na zizi. Akampeleka ng'ambo ya shimo.

Nilidhani anaogopa. Nikamtuma tena Khatija baada ya Idi. Akajibu vilevile.

Mume wangu hakumfunga, mwanangu. Maneno ya mkataba aliyataka mumeo mwenyewe, na siku mitamba wakizaa yuko huru. Utaniuliza kwa nini sikumwambia Bwana wangu. Na mimi nilikuwa na yangu. Amesema maziwa yakianza tutarudi kuishi mjini, ghorofani juu ya duka, aweke wakamuaji huku. Kule dirisha langu linatazama ukuta. Kwa hiyo nilinyamaza, kila asubuhi nikasema nitasema kesho. Barua yako imenitia aibu.

Sijui mumeo anakimbia nini. Wewe labda unajua.

Kulsumbai

Mimi Khatija nimeandika kama nilivyoambiwa. La kwangu ni hili, na Mama hajui kama naliandika: mumeo si mtu mbaya. Huwaimbia nyati akiwaogesha. Lakini barua yako ikifika haifungui siku ile. Huiweka juu ya boriti ya zizi, anaipitia chini, anaitazama, mpaka siku ya tatu au ya nne.


Ihangiro
25 Oktoba 1937

Revelian,

Kahawa imeanuliwa. Jana baba aliniamuru nifunge vitu vyangu, na mama akasimamia ili nisibebe kisicho changu.

Nimepata barua ya Mama Kulsumbai. Kwa hiyo sasa najua habari ya dume na mnyororo. Nimekaa nayo siku tatu kabla sijakuandikia, kwa sababu siku ya kwanza ningeandika maneno ambayo hata Sista angeyakataa kuyapeleka posta.

Nimekasirika, ujue hivyo. Mitamba wanane hawakuzaa, mkatazama chakula chao. Mkatazama jua. Mkachimba shimo. Mkauliza mabaharia. Mimi mmoja sikuzaa, na nikatazamwa mimi peke yangu, miaka yote, na mama yako, na baba yako, na shangazi zako, na waliopita njia. Na wewe ulikuwepo na ulinyamaza. Halafu ukaenda mbali ukanyamaza zaidi.

Sikuulizi tena lile swali. Nadhani jibu ninalo. Ulipimwa, Revelian. Mtu ambaye hakupimwa angeandika: sina nafasi, nitakwenda mwezi ujao. Wewe hukuandika hata uwongo mdogo kama huo. Ulikuwa unaniandikia nyati.

Kwetu siendi. Nauza nguo zangu za harusi na ile kahawa niliyochuma kwa mikono yangu kabla hawajaihesabu, nipande meli mpaka Mwanza, na gari la moshi kutoka hapo. Usinitumie kitu. Mfungue dume.

Jovina


Temeke
14 Novemba 1937

Jovina,

Usije. Hapa si mahali pa mwanamke, nalala kwenye kibanda cha makuti kando ya zizi na mbu ni wengi. Nakuomba kwa jina la Mungu usije. Nitakueleza yote kwa barua. Ningoje wiki mbili nipate maneno.

Revelian


Temeke, Dar es Salaam
9 Januari 1938

Kwa Baba mkwe, Mzee Kamugisha, Ihangiro

Baba, shikamoo. Na mama shikamoo yake.

Nimefika salama. Mimi na barua ya mwanao ya kunikataza tulipishana njiani, nadhani Sista atakuwa nayo. Ziwa lilikuwa baya, gari la moshi lilikuwa zuri. Pugu tulifika mvua inanyesha, na kutoka stesheni ya mjini niliuliza njia kwa kusema tu, wako wapi mbogo wa Bohora. Kila mtu alinionyesha.

Mwanao ni mzima. Amekonda kuliko wanyama wake. Aliponiona alikuwa amebeba ndoo mbili za maji, na hakuziweka chini. Alisimama nazo mpaka maji yakaanza kumwagikia miguuni, ikabidi nimpokee. Nilipika, tukala. Siku ya pili nilimwuliza ufunguo wa mnyororo uko wapi, akasema hajui. Nikautafuta, nikaukuta umetundikwa palepale mlangoni, mbele ya macho yake.

Nilimfungua dume kwa mkono wangu, baba. Niliogopa sana, ni mnyama mkubwa. Lakini alinipita kama sipo, akazunguka shimo, akaenda zizini kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake. Mama Kulsumbai alikuwa dirishani. Kila alfajiri sasa akiona mtamba ananyanyua mkia, anagonga chuma cha dirisha kwa kikombe cha shaba, nami natoka kutazama ni nani. Watano wamekwisha kupandwa, na watatu kati yao wametulia, hawamtaki dume tena. Mama Kulsumbai anasema ni mimba. Nyati hubeba zaidi ya miezi kumi, na mkataba unasema wote wazae. Kwa hiyo mwanao haji mwaka huu, nami siji bila yeye. Wote wawili tumefungwa kwa mnyororo mmoja, ila huu naujua urefu wake.

Bwana Najmuddin amefurahi, amesema anatengeneza kibanda chetu. Mama Kulsumbai ndiye sioni furaha yake. Nilikwenda kumshukuru, tukazungumza kupitia kile chuma. Akaniambia, mwanangu, nimekugongea kikombe, sasa naondoka dirishani kwangu. Nilimshika vidole.

Baba, sasa nasema nililokuja kulisema. Sesilia arudishwe kwao kwa heshima, na zawadi, maana hana kosa na amepotezewa mwaka. Ile sehemu ya kibanja chini ya mtaro ibaki ilivyo mpaka turudi. Sikuombi hili kama mtu anayeomba chakula. Nakuambia kama mke wa mwanao wa ndoa.

Utauliza, na mtoto je? Watu wote waliokaa uani watauliza. Miaka sita mmenijibia swali hilo bila kuniuliza. Jibu lake si langu kuliandika. Nimeacha nafasi hapa chini, mwenyewe anayelijua ameketi karibu nami juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa. Amekaa na kalamu tangu tulipomaliza kula. Nimemwambia nisipoona kitu kwenye nafasi hii sitaipeleka barua posta, nitapanda gari la moshi nikaiseme mwenyewe.

Mkweo,
Jovina


Baba, shikamoo.

Nilipimwa hospitali ya mjini mwaka ule wa kwanza, mwezi wa Juni, na tena Agosti. Walisema jambo moja mara zote mbili.

Si Jovina. Ni mimi.

Apolinari, najua umefika hapa umenyamaza na unatafuta pa kuruka. Usiruke. Rudia kusoma kwa sauti, na mama asikie.

Mwanao,
Revelian